Diski ya grinda imempasukia kijana wa fildi karakanani kwangu. Kila mtu ana sababu yake, nyie mnasemaje?

#1 Baba Geti

Wakuu habari za jioni.

Nina karakana ndogo Mbagala. Tunatengeneza mageti, grili za madirisha, na shule zikikaribia kufunguliwa tunatengeneza vitanda vya deka. Mafundi wa kudumu wawili, mmoja wa kuitwa kazi ikizidi, na kila mwaka napokea vijana wawili watatu wa fildi kutoka vyuo vya ufundi.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja wa fildi, yuko wiki ya 3 kwangu, alikuwa anakata skwea paipu ya inchi 1 na nusu kwa grinda ndogo. Diski ikapasuka. Sio kumeguka pembeni, imetoka vipande vitatu. Kimoja kimempitia mkono wa kushoto juu kidogo ya kiwiko cha mkono, kashonwa nyuzi 7. Kingine mpaka leo hatujakiona. Cha tatu kimetoboa kalenda ya ukutani kikazama kwenye ubao ulio nyuma yake. Hiyo kalenda iko usawa wa uso wangu. Nimekivuta kwa plaisi kimegoma.

Sasa sababu. Fundi wangu mkuu anasema dogo aliipinda grinda. Dogo anasema paipu ndiyo iliibana diski. Msimamizi wa chuo alipokuja akasema hakuwa na glovu. Jirani yangu muuza rangi anasema diski za siku hizi feki zote. Mke wangu anasema niache kupokea watoto wa watu. Nyie mlio kwenye hii kazi, diski inapasukaje?

#2 Pweza Mkavu

Nimekaa siti ya mbele, ila mbali na kalenda.

#3 Mtoto wa Gerezani

Pole mkuu, na dogo apone haraka. Gadi, ile kinga ya chuma inayofunika diski, ilikuwepo kwenye hiyo grinda?

#4 Baba Geti

Haikuwepo. Nilijua hilo swali litakuja, ndiyo maana sikuliandika.

#5 Nyundo Mbili

Basi uzi ufungwe. Kesi imeisha.

#6 Mtoto wa Gerezani

Haijaisha hata kidogo. Gadi haizuii diski kupasuka, inazuia vipande visikufuate. Mwenzetu kauliza inapasukaje. Cha kujiuliza ni gadi ilitolewa kwa nini, na kwa karakana zetu hizi jibu nalijua: watu wanatoa gadi ili waweke diski kubwa. Unamkuta mtu na grinda ya inchi 4 na nusu kaifunga diski ya inchi 7, anasema anataka ikate kina kirefu. Mashine ndogo inazunguka haraka kuliko mashine kubwa, halafu unaifunga diski iliyotengenezwa kwa mwendo wa pole. Hiyo sio diski tena, ni panga linasubiri kutupwa.

#7 Mhandisi Bila Ajira

Naongezea hesabu kidogo kwenye #6. Diski nyingi za kukatia zimeandikwa 80 m/s. Huo ni mwendo wa ukingo wa diski, mita 80 kwa sekunde, karibu kilomita 288 kwa saa. Diski ikiwa ndogo inaruhusiwa kuzunguka mara nyingi zaidi, ikiwa kubwa mara chache. Ya milimita 115, yaani inchi 4 na nusu, ni kama mizunguko 13,300 kwa dakika. Ya 180, ile ya inchi 7, inashuka mpaka kama 8,500. Ya 230, ile ya inchi 9, ni kama 6,600 tu. Grinda ndogo nyingi zinazunguka kama 11,000. Funga diski ya 180 hapo, ukingo unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Ile nyavu ya nyuzi iliyo ndani ya diski haikufumwa kwa mwendo huo.

Mleta mada, diski ilikuwa saizi gani?

#8 Baba Geti

Inchi 5. Mashine ni ya inchi 4 na nusu. Na ndiyo, gadi ilitolewa ili hiyo ya 5 iingie, maana dukani za 4 na nusu zilikuwa zimeisha. Mashine imeandikwa 11,000. Diski zilizobaki kwenye boksi zimeandikwa 12,200.

#9 Mhandisi Bila Ajira

Kwa hiyo kesi ya mwendo nimeipoteza mwenyewe. Diski ya 125, yaani hiyo ya inchi 5, kwenye mizunguko 11,000 inatoa kama mita 72 kwa sekunde, bado iko ndani ya 80. Saizi imefanya gadi itolewe, lakini haikuipasua diski. Tutafute mchawi mwingine.

#10 Nyundo Mbili

Umemaliza chuo na ajira hakuna, sasa naelewa muda wa kupiga hesabu unautoa wapi 😂

#11 Mzee Kerezo

Wanangu shikamooni mjipe wenyewe. Nimekaa kwenye mashine ya kukereza miaka 31, kiwandani kwanza, sasa nina mashine yangu moja nyumbani.

Kwanza hilo la glovu. Huyo msimamizi wa chuo mpelekeni taratibu. Glovu siyo kinga ya kila mashine. Kwenye mashine ya kukereza na kwenye drili ya mezani, mwenye glovu ndiye anayeumia. Nilikuwa na mwanafunzi, mwaka 1998, mtoto mwenye adabu sana, akavaa glovu za pamba kwa sababu chipsi za chuma zilikuwa zinamkwaruza. Drili ilishika uzi mmoja tu wa kidole cha glovu. Uzi ukavuta kidole, kidole kikavuta mkono. Mpaka nafika kwenye swichi nilishachelewa. Mkono mtupu ungepata mkwaruzo.

Pili, jiwe hupigwa kabla ya kufungwa. Unalining'iniza kidoleni, unaligonga na mpini wa bisibisi. Likilia kama kengele ni zima, likitoa sauti ya chungu kilichopasuka litupe.

#12 Mhandisi Bila Ajira

Shikamoo mzee. La glovu nakubali mia kwa mia. La pili naomba nirekebishe kwa heshima: kugonga ni kwa yale mawe mazito ya grinda ya mezani, yaliyochomwa kama vigae. Diski nyembamba ya kukatia ni ya gundi na nyavu, hata ikiwa mpya kabisa haitalia kengele. Ukiipima hivyo utatupa boksi zima.

#13 Mzee Kerezo

Marahaba. Mimi nilikuwa nasema jiwe, nyie mnasema diski. Wakati wetu diski ilikuwa ya muziki.

#14 Binti wa Cheche

Nipo Mwanza, mimi ni mchomeleaji mwaka wa 6 sasa. Kwenye glovu naomba tusiwachanganye wanaosoma: mzee anaongelea mashine iliyosimama, kazi ndiyo inazunguka au biti ya drili. Kwenye grinda ya mkononi mimi navaa glovu za ngozi zinazonibana, na zimeniokoa. Zile nyeupe za pamba zenye nyuzi zinaning'inia sizigusi.

Ila mnaongea glovu mnasahau ovaroli. Nikiwa fildi nilipewa ovaroli ya baba mmoja mwenye futi 6. Mikono nimekunja mara tatu, bado inaning'inia, suruali nimeifunga kwa kamba ya katani. Nikamwambia bosi hii itashikwa na mashine. Akaniambia wewe ndiye mdogo, ovaroli iko sawa. Mtandio walinikataza, na walikuwa sahihi, nikavaa kofia ya kubana. Lakini mikono ya ovaroli hiyo inaruhusiwa kwa sababu ni sare!

#15 Kandambili

Mbona hakuna anayeuliza dogo alivaa nini miguuni? Au mnaniogopa?

#16 Pweza Mkavu

Wewe kwa jina hilo unajishitaki mwenyewe.

#17 Baba Geti

Miguuni alikuwa na raba. Fundi mkuu ndiye mwenye kandambili, na yeye ndiye anamlaumu dogo 😅

#18 Mtoto wa Gerezani

Turudi kwenye diski. Mkuu, kila diski ina pete ya chuma katikati. Angalia hiyo pete, imegongwa mwezi na mwaka, mara nyingi inaanza na herufi V. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ya kutumika. Gundi ya diski inachoka, kwa kawaida wanaipa miaka 3 tangu itengenezwe, na ukiiweka penye unyevu inachoka kabla ya hapo. Sisi hapa mjini tunauziwa maboksi yaliyokaa stoo tangu enzi na enzi, mtu anafuta vumbi anakuwekea bei ya mpya.

#19 Nyundo Mbili

Diski ina tarehe ya mwisho kama maziwa? Nina miaka 12 kwenye fani, leo ndiyo nasikia. Ngoja nikaangalie.

#20 Nyundo Mbili

Nimerudi. Nina 9. Sita zimeisha muda wake mwaka juzi. Nimezitumia jana.

#21 Baba Geti

Nimeangalia na mimi. Kwenye boksi kuna aina mbili zimechanganyika, dukani walinijazia. Moja imeisha muda, nyingine bado. Ile iliyopasuka ilikuwa ipi sijui, kwa sababu pete yake imepotea. Dogo mwenzake alifagia, na Jumamosi asubuhi wale wa vyuma chakavu walipita, kikauzwa kila kilichokuwa kwenye ndoo.

#22 Pweza Mkavu

Ushahidi umeuzwa kwa kilo. Hii nchi bwana.

#23 Mwalimu wa Fani

Nafundisha uchomeleaji na uungaji vyuma. Sio chuo cha huyo kijana, lakini naomba nimsemee kidogo msimamizi mwenzangu.

Anakuja karakanani kwako dakika 40, ana vituo vingine vitano siku hiyo, na nauli yake bado haijalipwa. Mkononi ana fomu yenye sehemu ya vifaa vya kujikinga. Mtu anaandika anachokiona, na glovu zinaonekana kutoka mlangoni. Diski iliyochoka haionekani, nati iliyofungwa upande usio wake haionekani.

Na hapo kwenye nati ndipo ningeanzia mimi. Ile nati ya grinda ina pande mbili, mmoja una kibonge kilichoinuka, mwingine uko bapa. Kwa diski nene za kusagia unaweka huu, kwa diski nyembamba za kukatia unageuza. Ukikosea, diski nyembamba haikazwi sawasawa, inacheza. Wanafunzi wangu nikiwapa mtihani wa kufunga diski, nusu wanakosea. Darasani nina vijana 42 na grinda 3, moja mbovu. Kila mmoja anaishika dakika chache kwa muhula, kisha naandika barua kwamba yuko tayari kwenda fildi. Nitie sahihi nisitie? Fildi ni lazima.

#24 Binti wa Cheche

Asante mwalimu kwa kusema ukweli. Lakini hebu angalieni tangu #1. Chuo kimesema glovu, ambazo mwanafunzi anatakiwa aje nazo. Fundi kasema dogo kaipinda. Dogo kasema paipu. Bosi anapenda ile ya diski feki. Mwalimu kasema uhaba wa mashine. Kila mmoja kaokota sababu inayomwacha yeye pembeni.

#25 Baba Geti

Dada umenigusa. Ila sijasema napenda ya diski feki.

#26 Binti wa Cheche

Umeiandika ya jirani yako, hukuiandika ya kwako.

#27 Jamaa wa Kamukunji

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu tunaita atachimenti. Mimi nilipoenda ya kwangu niliitishwa barua ya bima hata kabla sijaulizwa jina, bila hiyo hupiti geti. Lakini hiyo ilikuwa kampuni kubwa. Baadaye nikaingia jua kali, na hapo bima yako ni macho yako.

Kuhusu paipu kubana: ilikuwa imeshikiliwa vipi? Ukiiweka juu ya vitu viwili kisha ukate katikati, ukikaribia kumaliza inalegea, inashuka katikati, na ule mkato unajifunga kwa juu. Diski iko ndani. Haina pa kwenda.

#28 Baba Geti

Stuli mbili. Alikuwa anakata katikati.

#29 Jamaa wa Kamukunji

Basi kijana hakudanganya. Kile kipande unachokitoa kinafaa kibaki kinaning'inia hewani, kianguke chenyewe. Ile unayoibakiza ndiyo unaifunga kwa vaisi, kile kibanio cha mezani.

#30 Nyundo Mbili

Lakini na fundi mkuu anaweza kuwa hakudanganya. Paipu ikibana, mkono wa mtu ambaye hajazoea unashtuka, anapinda ili aitoe. Diski ya kukatia ina unene wa milimita moja na kidogo, inapenda kwenda mbele na nyuma, ukiiviringisha kiuno inakatika. Mbao ni vilevile, mimi nipo Keko kwenye fenicha. Msumeno wa meza ukibanwa unakurudishia ubao tumboni. Ndiyo maana nasimama pembeni na nasukuma kwa kijiti. Kijiti chenyewe kimeliwa na msumeno mara mbili, kila kikiliwa nakishukuru.

#31 Mhandisi Bila Ajira

Kuna Mmarekani, Steve Gass, alibuni msumeno wa meza ambao ukigusa nyama unasimama ndani ya milisekunde 5. Anauonyesha kwa kutumia soseji. Umeme mdogo unapita kwenye meno, mwili ukigusa mashine inajua, breki ya alumini inajipigiza kwenye meno.

#32 Nyundo Mbili

Hapa Keko soseji ingeliwa kabla ya majaribio.

#33 Shahidi wa Pili

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi niko fildi hapohapo alipoumia mwenzangu.

Kuna jambo halijasemwa. Jumatano tulienda kufunga grili kwa mteja. Ile grinda ilianguka kutoka kwenye ngazi, kama futi 7, ikatua kwenye zege na diski yake ikiwa imefungwa. Fundi akaiwasha, ikazunguka, akasema iko sawa. Diski haikubadilishwa. Alhamisi mwenzangu akapewa hiyohiyo.

Na miwani ipo moja, inakaa kwenye droo ya bosi, na droo ina ufunguo. Siku ile bosi alikuwa ametoka.

#34 Pweza Mkavu

😳😳 Nasogea siti ya nyuma.

#35 Kandambili

Baba Geti njoo huku, umeitwa.

#36 Baba Geti

Nipo, nimesoma.

Ya kuanguka kwa grinda sikuambiwa. Nimempigia fundi sasa hivi, kwanza kakaa kimya, halafu kasema ilianguka "kidogo". Ya miwani ni kweli. Nilinunua minne mwaka jana, mitatu ikapotea, mmoja kati ya hiyo mitatu nikaukuta umevaliwa na kondakta wa daladala, nikaamua huu uliobaki niufungie. Sijawahi kufikiria kwamba nikitoka naondoka na miwani.

Na wewe kijana, mko wawili hapo lakini aliyeumia haandiki kwa mkono wenye nyuzi. Nimekujua. Kesho uje kama kawaida, hakuna atakayekugusa.

#37 Mtoto wa Gerezani

Dogo umefanya kiume. Diski iliyoanguka inaweza kuwa na ufa usiouona kwa macho. Ikidondoka inatupwa, haijalishi ina siku ngapi. Na diski mpya ikifungwa, iwashe ikiwa imeelekezwa pasipo na mtu, izunguke bure kama dakika moja kabla hujagusa chuma. Kama ni mbovu itakuambia hapo.

#38 Mwalimu wa Fani

Sasa tuna diski iliyoanguka, labda imeisha muda, labda nati iko kinyume, kwenye mkato uliobana, mkononi mwa mtu aliyeishika grinda dakika chache maishani. Ningepewa nichague moja ningeshindwa.

#39 Mzee Kerezo

Mimi ningechagua ngazi.

#40 Jamaa wa Kamukunji

Mimi stuli. Diski yenye ufa ingepasuka ile dakika ya kwanza, sio katikati ya paipu ya nani sijui ya ngapi. Dogo alikuwa amekata ngapi kabla ya hiyo?

#41 Shahidi wa Pili

Kumi na moja. Ile ilikuwa ya 12.

#42 Jamaa wa Kamukunji

Mnaona sasa.

#43 Mhandisi Bila Ajira

Sioni. Ufa unaweza kuvumilia paipu 11 na kukatika kwenye ya 12 iliyobana. Ila nakubali hatuwezi kujua, pete iko kwenye mzani wa mtu wa vyuma chakavu.

#44 Kabrasha

Jamani hospitali nani kalipa? Tanzania tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria yake ya 2008, mfuko ukaanza kazi 2015. Mwajiri ndiye anachangia, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Na karakana inatakiwa isajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Umejisajili mkuu?

#45 Baba Geti

Hospitali nimelipa mimi, na nauli za kwenda kusafisha kidonda nalipa mimi. Kujisajili bado. Naogopa wakija watafunga.

#46 Kabrasha

Kila mtu anaogopa hivyo mpaka siku anaulizwa na polisi. Mafundi wako wawili waanze kuingizwa kwenye mfuko, hao ni waajiriwa wako bila ubishi. Wa fildi ndio mtihani: sio mwajiriwa, mshahara hana, lakini grinda anashika. Nenda ofisini kwao ukaulize kwa maandishi, na uwaulize na chuo bima yao inaishia wapi. Usitegemee majibu ya humu, nikiwemo mimi.

#47 Nyundo Mbili

Mimi hiyo fildi ndiyo sielewi. Mtoto anafanya kazi miezi miwili bure, akiumia anaambiwa si mfanyakazi.

#48 Binti wa Cheche

Mbali kidogo na diski. Wakati tunaongelea wanafunzi, naomba lile la "shikilia hapo, fumba macho" lifike mwisho. Fundi amevaa ngao ya kioo cheusi, mwanafunzi kashika paipu kwa mikono miwili, kageuza shingo. Usiku ndiyo anaanza kulia, macho yamejaa mchanga.

#49 Kandambili

Dawa ni viazi mviringo. Unakata duara, unaweka juu ya jicho, asubuhi uko fiti. Au maziwa ya mama anayenyonyesha.

#50 Nesi Zamu ya Usiku

Nilikuwa napita tu, mmeniita kwa viazi.

Mwanga wa kuchomelea unaunguza ngozi ya juu ya jicho kama jua linavyounguza mgongo. Maumivu yanakuja baada ya saa kadhaa, ndiyo maana watu hawaunganishi na kazi ya mchana. Mara nyingi inapona yenyewe ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo chochote ulichoweka utakisifia. Kiazi juu ya kope zilizofungwa kinakupoza tu, tatizo ni mnapokikamulia ndani, na hayo maziwa. Mnaingiza vijidudu kwenye jicho lenye kidonda. Nimepokea mmoja aliyekuja na majani ya chai ndani ya jicho. Uchungu ukizidi siku mbili, au unaona ukungu, njoo. Na kama ni kipande cha chuma kimeingia, usisugue, usisubiri, njoo siku hiyohiyo. Miwani ya jua ya barabarani sio kinga ya kuchomelea.

#51 Kandambili

Na maziwa ya kunywa kwa ajili ya moshi? Bosi wetu anatupa pakiti moja kila jioni.

#52 Nesi Zamu ya Usiku

Moshi unaingia kwenye mapafu, maziwa yanaingia tumboni. Hawakutani. Maziwa ni chakula kizuri, kunywa, lakini sio dawa ya moshi. Ukichomelea mabomba ya galvanaizi, ile rangi ya fedha ni zinki, na moshi wake mweupe unaleta homa: baridi, kichwa, ladha ya chuma mdomoni. Wengi wanaenda kupima malaria.

#53 Nyundo Mbili

Subiri. Kuna jamaa yangu mchomeleaji kila Jumatatu usiku anatetemeka, Jumanne mpaka Jumamosi mzima. Tukasema ni pombe ya Jumapili.

#54 Nesi Zamu ya Usiku

Pombe siwezi kuitetea, lakini hiyo homa ina tabia hiyohiyo. Mwili unaizoea katikati ya wiki, mapumziko yanaondoa mazoea, Jumatatu inapiga upya. Aisage hiyo zinki kwanza pale anapochomelea, avae barakoa ya kazi, na atoke nje ya chumba.

#55 Nyundo Mbili

Mkewe amemnunia miaka miwili kwa ajili ya zinki. Nampelekea huu uzi.

#56 Baba Geti

Wakuu, mrejesho. Miwani 6 imenunuliwa, iko kwenye msumari mlangoni, na kila mmoja una jina kwa rangi ya mafuta. Zile diski zilizoisha muda nimezivunja kwa nyundo ili asizirudie mtu. Tumenunua vaisi, stuli zimerudi kuwa stuli. Na gadi nimeirudisha, nimeipiga welda sehemu mbili ili asiitoe mtu tena.

#57 Mtoto wa Gerezani

Mkuu umewelda gadi?? Inatakiwa igeuke! Unaizungusha kulingana na mkono ulioshika na cheche zinakokwenda. Sasa umemfunga anayetumia kushoto akae mbele ya cheche.

#58 Baba Geti

Aliyeumia ndiye anayetumia kushoto.

#59 Mzee Kerezo

Isagwe hiyo welda.

#60 Pweza Mkavu

Isagwe na grinda ipi sasa? 😂😂

#61 Baba Geti

Nimeazima kwa jirani. Ina gadi, nimeangalia, na pete nimesoma. Dogo amerudi leo, nyuzi zinatolewa Ijumaa, nimemweka kwenye kupima na kuchora tu.

#62 Kandambili

Na kile kipande kwenye kalenda?

#63 Baba Geti

Bado kimo. Fundi mkuu anatundikia kofia yake.